Kasoro si yako, mdau: jibu refu kuhusu shoo zinazokaa kichwani na zinazopotea

Mdau, uzi wako niliusoma nikiwa kwenye matatu natoka Kakamega, nikaona hili halijibiki kwa mistari miwili. Kwa walioingia sasa hivi bila kupitia mwanzo: ndugu yetu wa Nakuru alilipa shilingi 3,000 kumwona nyota wa kutoka nje. Taa zilikuwepo, moshi, fataki, skrini mbili kubwa. Wiki chache baadaye akiulizwa nyota aliingia na wimbo gani, hana habari. Lakini kikundi cha isukuti, ngoma ya jadi ya kwetu Kakamega, kilichopiga kwenye harusi ya binamu yake kule Shinyalu, yeye akiwa bado shule ya msingi, anakikumbuka hadi rangi ya kofia ya yule wa ngoma kubwa. Anauliza kama kasoro ni yake, na kama Desemba atoe pesa ya VIP.

Kasoro si yako. VIP nitaifikia.

Nijitambulishe kidogo msije mkadhani nabahatisha. Nimezaliwa Kakamega, nimekulia Kisumu, na kabla ya kazi ninayofanya sasa nilikuwa kijana wa mitambo. Yaani kubeba spika, kuvuta nyaya, kufunga maiki kwa selotepu pale stendi ilipovunjika, halafu kulala juu ya masanduku hadi alfajiri ukimngoja promota alete pesa ya lori. Siku hizi nalipa mlangoni kama kila mtu. Shoo nimeziona kutoka nyuma na kutoka mbele, na ninachoamini ni hiki: inayokukaa kichwani ni ile ambayo isingetokea vile kama nyinyi mliokuwa pale hamngekuwa pale. Ikiwa ingepigwa hivyo hivyo mbele ya viti vitupu, mmelipa kusikiliza redio yenye moshi.

Nianze na plebeki, kwa sababu nashuku ndiyo iliyokupata. Fundi wa mitambo hupewa flashi. Ndani ya flashi mna nyimbo kumi, sauti ya mwimbaji ikiwa humo humo. Msanii anaruka, anauliza "Kisumu mko wapi!" juu ya sauti yake mwenyewe, wimbo unaendelea. Usiku mmoja nikiwa kwenye miksa, ile meza ya kupangia sauti, jamaa fulani aliteleza, maiki ikamtoka mkononi ikabingirika hadi ukingoni mwa jukwaa, na sauti yake tamu ikaendelea kuimba bila kukosa silabi. Uwanja mzima ulicheka. Naye akacheka, akaifuata, akainama kwa madaha kama mtu aliyepanga hivyo. Katika shoo ile hicho ndicho kitu pekee ninachokumbuka, na si ajabu: ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa kwenye flashi.

Siwatukani wanaotumia plebeki. Chipukizi hana uwezo wa kulipa bendi ya watu sita, chakula chao, na nauli ya kutoka Nairobi. Ila flashi haina masikio. Mkiitikia vizuri haiongezi ubeti, mkichoka haipunguzi mwendo. Nyota wa 3,000 hana kisingizio hicho, lakini hayo ni mambo ya promota wake.

Sasa weka hapo benga, muziki wetu wa magitaa wa huku kwa Waluo. Zamani ikiuzwa kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika nne hivi, zaidi kidogo ukibana. Ndiyo maana ukizipekua santuri za enzi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au Victoria Jazz ya kina Collela Mazee, unakuta wimbo umekatwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Unageuza sahani katikati ya utamu. Jukwaani hakuna kugeuza. Wimbo huanza na maneno, mwimbaji anasimulia yake, gitaa la solo likimjibu kila anapovuta pumzi. Kisha maneno yanakoma, besi inaanza kurukaruka, solo inapanda juu, na hiyo ndiyo huku tunaiita klaimaksi. Kwenye santuri ilipewa dakika mbili tatu. Jukwaani inaenda hadi mwenye gitaa aone mmeshiba. Na kweli anaangalia! Akiona upande wa kushoto umeanza kutafuta viti, anabadilisha mpigo. Akiona mama mmoja ameingia kati na kiuno kimekubali, anaganda palepale kwenye mpigo ule, anaurudia, anaurudia, hadi mama acheke na kumnyooshea kidole. Hiyo robo saa haimo kwenye rekodi yoyote. Haiwezi kuwemo.

Halafu kuna pakruok. Kwa wasio wa huku: katikati ya wimbo mtu hunyoosha mkono na noti, muziki hushushwa, hupewa maiki, kisha hujisifu au humsifu mpenzi, shemeji, kijiji, ukoo. Wengine husifu mpaka gari ambalo bado wanadaiwa na benki. Watu humwitikia, bendi hurudi kwa kishindo, mwingine hunyoosha noti. Wapo wanaoichukia, wanasema inakatiza raha. Nawaelewa. Mlevi akiishika maiki dakika sita hata mimi naenda kutafuta soda. Ila mpiga gitaa akiwa mzuri, pakruok ndiyo kilele cha usiku.

Nikupe mfano kwa kirefu. Kilabu kimoja upande wa Kondele, hapa Kisumu, paa la mabati, pembeni hakuna kuta, ni nguzo tu na turubai lililofungwa nusu. Bendi ya benga, watu wasiofika mia, wengi wakiwa meza za pembeni wanakula samaki na ugali, katikati wawili watatu wanacheza kivivu. Usiku wa kawaida kabisa. Ikaja mvua, ile ya Kisumu isiyopiga hodi, na upepo ukaanza kurusha maji ndani. Meza za pembeni zikahamwa. Kila mtu na sahani yake mkononi akasogea katikati, na katikati pale padogo. Ghafla tumebanana sote mbele ya bendi: watu wa boda, walimu, wauza mitumba wa Kibuye, na mwanamume mmoja wa suti aliyekuwa amekaa peke yake tangu tuingie.

Mabati yalipiga kelele hadi maneno ya mwimbaji yakapotea. Akafanya jambo la akili. Aliirudisha maiki kwenye stendi, akamgeukia mpiga solo, akazungusha kidole hewani, na klaimaksi ikaanza wimbo ukiwa haujafika hata nusu. Sauti za juu zilimezwa na mvua, lakini besi haikumezwa. Ilipita sakafuni, ukaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Juu yake ikawa inasikika ile solo nyembamba tu, ikitafuta nafasi kati ya kelele za mabati na kelele zetu. Nani angetoka? Nje maji yalikuwa ya vifundo. Na bendi nayo haikuwa na pa kwenda.

Mvua ilipolegea kidogo, mzee mmoja akainua noti ya mia mbili. Muziki ukashushwa bila kuzimwa: mpiga ngoma akabaki na sahani moja tu ya chuma, mpiga solo akaziba nyuzi kwa ukingo wa kiganja, zikawa zinatoa tik tik tik. Mzee akapewa maiki. Hakujisifu yeye. Alimsifu mkewe, aliyekuwa nyuma yake na mkoba umekumbatiwa kifuani usilowe, kwa karo aliyoilipa kwa kuuza omena. Kila alipomaliza sentensi, mpiga solo aliachia kiganja, akadondosha sauti tatu nne za kumwitikia, akaziba tena. Mzee akasikia anajibiwa. Akaongeza. Akamtaja mtoto wa kwanza, gitaa likajibu. Wa pili, likajibu. Alipofika kwa kitinda mimba, aliyekuwa chuo cha ualimu, sote tulikuwa tunajibu pamoja na gitaa, hata yule wa suti. Mama akaficha uso kwenye mkoba. Kisha ngoma ikarudi yote kwa mpigo mmoja, na nimeona watu wakicheza maishani mwangu lakini sijaona wakicheza vile, mkono mmoja hewani na wa pili umeshikilia sahani ya miiba ya samaki.

Kilabu kile nimerudi. Bendi ile ile, samaki wale wale, wimbo ule ule nimeuomba kwa pesa yangu. Walipiga vizuri. Lakini lile halikurudi, na ningeshangaa lingerudi. Lilihitaji mvua, kuta zisizokuwepo, mzee mwenye la kusema, na mpiga gitaa mwenye masikio.

Hilo la masikio nalikazia, maana mashabiki wengi hawalijui. Mkiwa chini mnaona spika kubwa zinazowaelekea nyinyi. Kuna nyingine ndogo, zimelala miguuni mwa wanamuziki zikiwatazama wao. Hizo ni monita. Kupitia hizo mwimbaji anajisikia, mpiga besi anamsikia mpiga ngoma. Promota akitaka kupunguza gharama, kitu cha kwanza kukatwa ni monita, kwa sababu shabiki hazioni na hataziulizia. Matokeo yake mwimbaji anaimba akikisia, anapanda nje ya sauti, mpiga solo anatazama mikono ya wenzake badala ya kuwatazama nyinyi. Bendi isiyojisikia yenyewe itawasikiaje nyinyi? Nimeona bendi kali, watu waliopiga pamoja miaka, wakionekana wanafunzi kwa sababu ya spika mbili ambazo hazikukodishwa. Shabiki anaenda nyumbani akisema "siku hizi wamezeeka".

Na msiwahukumu kwa nyimbo mbili za kwanza. Saundi cheki hufanywa mchana ukumbi ukiwa mtupu, sauti inagonga kuta na kurudi. Watu wakijaa, miili na nguo hunyonya zile sauti kali za juu, kwa hiyo fundi aliyepanga vizuri saa tisa mchana anakuta saa tatu usiku kila kitu kimekuwa kizito. Lazima aanze upya huku bendi ikipiga. Fundi mzuri anamaliza kwenye wimbo wa pili. Mbovu hamalizi.

Sasa twende kwenye isukuti yako ya Shinyalu, ambayo kwangu ndiyo nusu ya jibu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho UNESCO iliitia mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Kiongozi hutoa maneno, wanaume na wanawake hupanga safu zao na kumwitikia. Hupigwa kwenye kuzaliwa, tohara, harusi, matanga, hata kumsindikiza fahali anayepelekwa kupigana. Hebu angalia: katika hizo zote, ni wapi pana mtazamaji? Hakuna. Wewe ulikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini ulikuwa upande wa bwana harusi. Kiongozi alipotaja ukoo wenu, alikuwa anakutaja wewe. Ulijua unaitikia nini na kwa nini. Nyota wa nje alisema "I love you Nakuru" na kesho yake akasema hivyo hivyo mji mwingine.

Umbali pia unahesabu. Ngoma ya isukuti ilipita karibu nawe, ukaona jasho, ukaona kofia. Umewahi kumwona kwa karibu mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo? Nyuzi nane, anakaa kwenye kigoda chini kabisa, njuga zimefungwa mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ubao wa chombo. Mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Nilimwona mmoja kwenye chumba kidogo cha mikutano, sisi tumekaa sakafuni, na kile kidole cha mguu ndicho kilichoniteka. Kiligonga kwa utulivu wa ajabu huku vidole vya mkononi vikikimbia. Mzee yule yule ukimweka jukwaani uwanjani, mita sabini kutoka ulipo, kidole kimepotea, na pamoja nacho nusu ya muziki. Ni sawa na wale wazee wa Bunyore, Abana ba Nasery, waliokuwa wakipiga magitaa huku mmoja wao akigonga chupa ya Fanta. Chupa hiyo ni ya uani, ya watu wanaoonana machoni.

Uwanjani kuna tatizo jingine ambalo si la mtu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, iwe uwanja wa Afraha, Bukhungu au Mamboleo, unaona kijiti kikigonga ngoma na kishindo kinakufikia karibu theluthi ya sekunde baadaye. Skrini inakuonyesha jambo moja, sikio linakwambia lingine. Mwili unashindwa ufuate lipi, unaamua kusimama na kushika simu. Wenye pesa huweka spika nyingine katikati ya uwanja na kuzichelewesha makusudi ili zilingane na za jukwaani. Wengi hawaweki. Dawa ya bei nafuu ni kusimama karibu na kibanda cha miksa, katikati, kwa sababu fundi anapanga sauti kwa masikio yake yeye, na ukiwa kando yake unasikia anachosikia. Msisimame mbele ya spika mkidhani ndiyo uanaume. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani unaweka mpaka kwenye wastani wa desibeli 100, na vijana wa mitambo huku hatukuwa na hata kipimo. Sikio langu la kushoto linapiga mluzi mpaka leo. Viziba masikio vya povu vinauzwa kwenye famasi, bei ya chapati mbili tatu.

Nisieleweke vibaya, ukubwa peke yake hauui shoo. Kuna wanaojua kuufanya uwanja uwe uani. Mbinu yao kubwa ni kiitikio. Mwimbaji Okatch Biggy alifariki 1997, na Musa Juma, naye mwimbaji wa huku, 2011, lakini bendi yoyote hapa Kisumu ikigusa nyimbo zao, mwimbaji anaweza kunyamaza na wimbo usisimame. Na nyinyi wa Nakuru mna mugithi: mtu mmoja na gitaa lake, watu wanashikana mabega mstari mrefu unaozunguka ukumbi hadi jikoni na kurudi. Aliye kwenye ule mstari hawezi kuniambia haikumbuki. Ameshika bega la mtu asiyemjua kwa nusu saa. Kwa hiyo mdau, usiseme Nakuru hakuna shoo, acha kuzitafuta kwenye mabango.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema yote haya ni pombe na ujana, kwamba ukiwa na miaka ishirini kila shoo ni ya maajabu. Mimi sinywi, na yule mzee wa omena hakuwa na ishirini. Ila ana hoja kidogo: uliyekwenda naye anabaki kwenye kumbukumbu kuliko msanii. Shoo niliyokwenda na dada yangu kabla hajaolewa naikumbuka yote, na bendi ilikuwa ya wastani.

Kitu kingine kinachoharibu ni muda. Tangazo linasema saa mbili, milango inafunguliwa saa nne, didijei anapiga nyimbo zile zile, emsii anataja wadhamini, nyota anapanda saa tisa usiku wakati miguu imekufa na wenye watoto wameshaondoka. Kungoja kidogo kunaongeza hamu, sikatai. Kungoja kwa muda wa saa saba ni adhabu. Na mwisho ndio mbaya zaidi, kwa sababu mwisho ndio mtu anaoubeba. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio mwaka 1993: watu walitia mkono kwenye maji baridi ya nyuzi joto 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine sekunde 60 zile zile na 30 za ziada, maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu. Mateso zaidi, lakini liliishia pazuri. Sasa shoo zetu huishaje? Nyota ana ndege ya asubuhi, anakatiza wimbo. Au muda wa kibali umeisha, mitambo inazimwa mwimbaji akiwa amefungua mdomo. Au pana mzozo wa malipo nyuma ya pazia na emsii anawaambia "asanteni, endesheni salama". Bendi za vilabuni zinajua zaidi. Zinaweka wimbo wa kuagia, kila mpigaji anatajwa jina, mpiga besi anapewa nafasi yake, na watu wanatoka wakiwa bado wanaimba hadi steji ya matatu.

Simu sitaki kuizungumzia sana, mmeshasemwa na kila mtu. Rekodi wimbo mmoja, weka mfukoni. Video ya shoo nzima hujawahi kuitazama mara ya pili, na aliyesimama nyuma yako aliitazama shoo kupitia skrini yako iliyopasuka.

Haya, VIP ya Desemba. Usinunue. VIP za kwetu ni hema, meza, viti vya plastiki vilivyovishwa kitambaa, na chupa zilizoandikishwa mapema. Zinawekwa mbele kabisa, wenyewe wamekaa na kuongea kuhusu ploti za Kiamunyi, huko kwenu Nakuru, halafu kuna uzio, halafu mabaunsa, halafu ndio watu wanaocheza. Msanii akitazama chini anaona watu waliokaa, anapoa. Nimelishuhudia hilo kutoka jukwaani, na nimewasikia wanamuziki wenyewe wakilalamika wakikunja nyaya. Nunua ya kawaida, fika mapema, shika nafasi kando ya uzio upande ilipo ngoma au mpiga solo, au pale kwa miksa. Kabla ya kulipa uliza swali moja tu kwa namba iliyo kwenye bango: atapiga na bendi au na flashi? Wakisema "atakuja na didijei wake", umeshajibiwa.

Pesa itakayobaki, panda gari uje huku wikendi moja isiyo na tamasha lolote. Uliza watu wa boda pale stendi ni wapi pana bendi leo, hao ndio wanaojua, mabango hayajui. Kaa meza iliyo karibu na mpiga solo, agiza samaki wa kukaanga, uwe na noti ndogo ndogo mfukoni za kutuza, maana ukitoa elfu watakusifu wewe usiku kucha na hutasikia muziki tena. Na bei ya kurudi patana na mtu wa boda kabla hujaingia, kwa sababu saa tisa usiku akikuona umelowa jasho na unaimba peke yako, atakutoza bei ya mgeni.